Fuso na Hino wanaungana: tununue Fuso iliyotumika au tuachane nayo?

Mkulima wa Laela:
Wakuu, habari za jioni. Mimi na kaka yangu tumejichanga tununue lori moja la kubeba mahindi na mpunga kutoka Rukwa hadi Mbeya. Dalali wa Dar ametuonyesha Fuso Fighter ya kutoka Japani, injini 6D17. Bodi nzuri, muungurumo safi. Mjomba wetu, dereva wa siku nyingi, ndiye aliyetutia wasiwasi. Anasema Fuso inakufa, inamezwa na Hino, kampuni nyingine ya malori ya Japani, na muda si mrefu spea zake tutazitafuta kwa tochi. Wengine wanadai Fuso si ya Mitsubishi tena, ni ya Wajerumani. Mwenye kuijua historia ya kampuni hii atueleze: mwenye Fuso ni nani, na huo muungano utaturudisha nyuma au la? Hela ni ya familia nzima. Nawasilisha.

Mzee wa Dizeli:
Mkuu, hao wa Wajerumani hawajakosea, ila habari inaanzia mbali.

Fuso ya kwanza ilikuwa basi. Liliitwa B46, lilitoka mwaka 1932 kwenye karakana ya meli ya Mitsubishi pale Kobe, na lilikuwa la petroli. Toka hapo magari makubwa yaliendelea kutengenezwa ndani ya ukoo wa Mitsubishi. Basi dogo la Rosa lilikuja 1960, lori dogo la Canter 1963, Fighter unayoiulizia 1984. Mwaka 1970 shughuli za magari zilitengwa na kampuni mama ya viwanda vizito, ndipo ikazaliwa Mitsubishi Motors. Mwaka 2003 malori na mabasi nayo yakatolewa humo yakawa kampuni yao wenyewe, na DaimlerChrysler, ndio hao Wajerumani, wakaingia na asilimia 43 ya hisa. Mwaka uliofuata wakafika 65, na 2005 wakawa na 85. Kwa hiyo kwa hisa, ndiyo, Mjerumani ndiye mwenye nyumba. Lakini 6D17 ni kazi ya Wajapani, ilibuniwa kabla Mjerumani hajakanyaga pale.

Kuhusu Hino: walitangaza nia Mei 2023, wakasaini mkataba kamili Juni 2025. Mpango ni kampuni mama mpya iitwayo ARCHION, kuanzia Aprili 2026, Fuso na Hino zote zikiwa chini yake na majina yao yakibaki. Daimler Truck, ambayo ndiyo Daimler ya malori, na Toyota, ambaye ndiye mwenye Hino tangu 2001, kila mmoja analenga asilimia 25. Hakuna anayemmeza mwenzake hapo. Wanaungana kwa sababu malori ya umeme na haidrojeni yanakula fedha nyingi mno kuyabuni, na Hino ilikuwa imeyumba tangu 2022 ilipobainika imekuwa ikighushi takwimu za moshi na matumizi ya mafuta ya injini zake.

Mama Semitrela:
Mzee wa Dizeli umeeleza vizuri, ila umeliruka jambo ambalo mnunuzi wa Fuso lazima alijue. Januari 2002, mjini Yokohama, tairi la mbele la lori kubwa la Fuso lilichomoka likamgonga mama aliyekuwa anatembea na watoto wake wawili. Yule mama alifariki. Kampuni ikasema kosa ni la matunzo ya wenye lori. Ikachukua hadi Machi 2004 kukiri kwamba habu yenyewe, chuma cha katikati ambacho tairi hufungwa kwa boliti, ilikuwa na udhaifu tangu kuundwa, ndipo ikayaita magari zaidi ya laki moja yarekebishwe. Viongozi wa zamani walikamatwa mwaka huohuo. Na hii ilikuja baada ya Mitsubishi Motors kubainika mwaka 2000 kwamba ilikuwa inaficha malalamiko ya wateja tangu miaka ya 1970.

Mimi nina madereva barabarani na kila mmoja ana familia. Habari hii inaniuma hadi leo. Historia ya hisa ni nzuri kuijua, lakini hii ndiyo ya kwenda nayo pale kwa dalali.

Fundi Uyole:
Naunga mkono. Lile agizo la kuyaita magari yarekebishwe lilihusu malori makubwa na mabasi, lakini lori lolote lenye umri huo mimi siliachi bila kukagua habu. Fanya hivi: kabla gari halijaoshwa, angalia kila nati ya tairi. Ukiona michirizi ya kutu inaanzia kwenye nati na kushuka kwenye rimu, jua nati imekuwa ikicheza. Kisha inua gari, vua tairi za mbele, futa grisi na uchafu mpaka chuma kionekane, upitishe tochi taratibu kwenye matundu ya boliti na kwenye kona pale habu inapopanuka. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kukataa gari. Dalali akigoma kuvua tairi, ondoka.

Injini iwashe ikiwa baridi kabisa, uende wewe asubuhi, usikute wameshaipasha. Ikiwa inasilensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi ukitoka kwa kusukuma, ringi za pistoni zimechoka. Spea za 6D17 zipo tele, mjomba asiwe na hofu.

Mwenyeji wa Changamwe:
Huku Kenya lori kuukuu lililopita miaka 8 haliruhusiwi kuingia, kwa hiyo wengi wetu tunatumia Fuso mpya zinazounganishwa hapa Mombasa. Jihadhari na kitu kimoja: kuna Fuso zinazotoka kiwanda cha Daimler karibu na Chennai, India, tangu 2013, mfano FI na FJ. Ni lori zuri, lakini injini ni za ukoo mwingine. Ukienda dukani sema namba ya injini, usiseme "spea ya Fuso" tu, utauziwa isiyoingia.

Mkulima wa Laela:
Ahsanteni sana, mmetufungua macho. Dalali huyohuyo ana Canter ya baada ya 2010, bei haipishani sana. Mnaionaje?

Fundi Uyole:
Hiyo itakuwa na injini ya 4P10 ya lita 3, waliyoitengeneza pamoja na Fiat. Inabana mafuta, lakini ina chujio la masizi kwenye ekzosi na mfumo wa kompyuta, na dizeli ya mapipa ya vijijini itaiziba. Tena ni gari dogo, msilifananishe na Fighter kwa mzigo. Kwa kazi yenu shikeni 6D17, habu zikiwa salama. Mkija Mbeya kuikagua niandikieni faragha, nitawavulia tairi mwenyewe.

Mama Semitrela:
Na mkishainunua, nati zikazwe upya baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, tena kila tairi linapovuliwa. Mpeni dereva spana yake, asiazime.