Ukoo wa Kigombe 🌴 Jumamosi Galveston, Texas

Ijumaa

[06:41] Da Zuhura: Asalaam alaykum wana ukoo. Kesho ndiyo kesho. Nyumba tunakabidhiwa saa tisa alasiri. Waliotoa dola 40: mimi, Mishi, Baba Twaha. Basi. Watu 11 mmesoma tangu juzi, hili gazeti?

[06:58] Da Zuhura: Salum mkaa. Fatma mihogo. Kassim turubai na ile boti ya kuvua Jumapili alfajiri. Kassim?

[07:03] Salum: Waalaykum salaam. Mkaa upo. Tunakula kuku au tunakula ratiba?

[07:20] Mishi: Jamani. Niko kazini huku Galveston. Kuna mkonga umeshuka toka wingu mpaka baharini, kama wa tembo

[07:20] Mishi: 📷 Picha

[07:22] Salum: Si moshi wa jiko la Da Zuhura huo?

[07:24] Mishi: Salum nyamaza. Maji yalianza kufanya duara jeusi, utadhani mtu kamwaga dizeli, halafu pembeni yakafuka povu. Mkonga wenyewe ndiyo ukaonekana mwisho. Na upepo hakuna, hata kanga haipepei

[07:29] Mishi: Simu zote hotelini zimelia kwa mpigo mmoja. Tahadhari ya tonado mpaka saa 1:45. Tumesukumwa chumba cha taulo, sisi na wageni

[07:30] Da Zuhura: Tonado au ile ya baharini? Soma vizuri

[07:32] Mishi: Ya baharini ilitoka mapema, ya wenye boti. Sasa unakuja nchi kavu ndiyo wamebadilisha. Ukigusa mchanga unaitwa tonado, hata uwe mwembamba vipi

[07:33] Shabani (Dar): Hidaya karudi?

[07:34] Fatma: Hidaya ilikuwa kimbunga Shabani, tuliisubiri siku ngapi ile mpaka ikafika Mafia. Hii pepo za chamchela, inakupa dakika tu

[07:35] Shabani (Dar): Huku mamlaka ya hali ya hewa wangeita angalizo

[07:36] Fatma: Angalizo ni rangi ya njano, unaendelea kufua. Hii mtu keshauona kwa macho au rada imeuona

[07:38] Salum: Mbona yangu haikulia? Niko Katy. Mungu anaipenda Katy

[07:40] Fatma: Wanachora kipande kwenye ramani, aliye ndani ndiye simu inamlilia. Wewe uko zaidi ya kilomita mia

[07:44] Da Zuhura: Mishi?

[07:47] Da Zuhura: Mishi mwanangu

[07:52] Mishi: Tumetoka. Umegusa ufukwe ukakatika. Hakuna aliyeumia. Ila turubai la watu wa harusi limeng'oka na vigingi vyake, liko juu ya paa la duka la aiskrimu

[07:53] Da Zuhura: Alhamdulillahi. Basi limekwisha. Kesho palepale. Kassim ulete vigingi virefu

[07:55] Fatma: Palepale wapi Da Zuhura? Utabiri wa kesho na Jumapili ni huuhuu: maji ya moto, upepo haba, mawingu asubuhi

[07:56] Salum: Si kuna ukuta pale

[07:57] Fatma: Ukuta walijenga baada ya dhoruba ya 1900, wa kuzuia mawimbi. Huu unatoka juu. Na nyumba yetu iko kule ukuta unakoishia, juu ya nguzo, chini maegesho tu. Simu ikilia watoto 9 tunawaweka wapi?

[07:58] Da Zuhura: Bafu liko katikati ya nyumba, halina dirisha. Nilishauliza

[07:58] Salum: Watu 23 bafuni. Nani anabeba pilau?

[07:59] Mama Twaha: 😂😂😂

[08:01] Da Zuhura: Chekeni. Dola 610 zimekwenda, hazirudi

[08:04] Fatma: Kama hela za ukumbi, mwaka wa barafu

[08:04] Da Zuhura: Fatma.

[08:05] Fatma: Nimesema tu

[08:06] Da Zuhura: Umeme 2021 niliukata mimi? Risiti niliiweka humuhumu. Aliyekuwa hajatoa hata senti ndiye anayekumbuka

[08:07] Salum: Na sufuria la arobaini jamani, lisijisikie mpweke

[08:08] Baba Mdogo Hemedi (Tanga): 🚫 Ujumbe huu umefutwa

[08:09] Da Zuhura: Baba mdogo shikamoo. Uliandika nini?

[08:19] Baba Mdogo Hemedi (Tanga): Marahaba. Niko na Bi Mkubwa kibarazani. Nimemwonyesha picha ya Mishi. Tulieni, anataka kusema

[08:24] Baba Mdogo Hemedi (Tanga): 🎤 1:12

[08:26] Mishi: Niko na wageni siwezi kusikiliza, mtu aandike

[08:33] Baba Mdogo Hemedi (Tanga): Anasema: "Huo naujua. Marehemu akiuona mbele alikuwa hashindani nao mbio. Anaangalia unaelekea wapi, anaukata ubavuni, anashusha tanga, unapita zake. Siku ya Kigombe ulikuwa mbali vilevile, na bahari shwari kama hiyo ya Mishi. Tukamsubiri mtu mmoja amalize kula."

[08:33] Baba Mdogo Hemedi (Tanga): Kanyamaza hapo. Kaingia ndani

[08:58] Mama Twaha: 🤲

[09:03] Fatma: Da Zuhura nisamehe ya ukumbi

[09:10] Da Zuhura: Yamepita. Nyumba tunakwenda. Turubai hakuna, tutakula ndani. Boti ya alfajiri naifuta. Simu isizimwe usiku, hata moja

[09:11] Salum: Nani atakesha na simu?

[09:12] Da Zuhura: Wewe

[09:15] Fatma: Mimi na watoto sijasema nakuja. Naangalia kesho asubuhi

[09:16] Da Zuhura: Na mihogo?

[14:37] Kassim: Salaam, naamka sasa hivi, zamu ya usiku. Turubai la mita 6 au 9? Mbona Bi Mkubwa katuma sauti, kuna nini?

[14:38] Da Zuhura: Soma juu

[14:51] Kassim: Mwe

[14:52] Kassim: Boti nimeilipia tangu Jumatatu. Nayo hairudishwi

*Da Zuhura anaandika…*