Tupeane uzoefu: kutangaza kikao cha kwanza cha klabu ya kompyuta chuoni

Mwanzisha uzi: Wakuu, klabu imeshasajiliwa kwa mshauri wa wanafunzi, tumepata ukumbi wa watu 60, kikao ni Jumatano ya wiki ya tatu. Bado matangazo. Mliowahi kuendesha klabu shusheni nondo: kipi kinaleta watu, kipi kinakula hela bure?

Fundi Bango: Anza na saa. Ukiandika "10:00" tupu, wengine watasoma saa nne asubuhi, wengine saa kumi jioni. Andika "saa 10 jioni (16:00)", na tarehe iwepo. Bango la "Jumatano hii" likisahaulika ubaoni, wiki ijayo linaita watu kwenye ukumbi mtupu.

Lichore ukijua litapigwa fotokopi. Njano na bluu ya kufifia hupotea, na eneo kubwa jeusi hutoka na michirizi. Herufi nyeusi, karatasi nyeupe. Steshenari peleka PDF kwenye fleshi. Picha iliyotumwa WhatsApp kama picha imeshabanwa. Ukiikuza hadi A3, herufi ndogo zinaota ukungu. Ukibanwa sana, itume kama dokumenti. Na gonga muhuri wa kibali kabla ya kutoa kopi, si baada, la sivyo utagonga karatasi moja moja.

CR Mstaafu: Bango sawa, ila wanaojaza viti ni ma-CR (wawakilishi wa madarasa). Usiwape ujumbe wa kufowadi. Ukishapita mikono mitano, WhatsApp inaupa alama ya kusambazwa mara nyingi na unapelekwa chati moja moja tu. Tena wasomaji wanahisi ni matapeli. Wape maandishi wayanakili na kuyabandika upya:

"Jumatano tarehe 12, saa 10 jioni, chumba B4. Tunaandika programu ndogo ya Python ya kukokotoa GPA, saa 11 na nusu tumemaliza. Hujawahi kuandika hata mstari mmoja? Njoo. Huna laptopu? Mtakaa wawili wawili. Bure."

Hakuna dira wala dhima humo. Hizo ni za katiba ya klabu. Tuma siku tano kabla, kisha jioni ya kuamkia kikao, kisha saa moja kabla. Darasani omba mhadhiri dakika mbili kipindi kikianza. Mwishoni kila mtu ana begi mgongoni.

Binti wa Linux: Huo mstari wa "hujawahi kuandika" usiguswe. Mwaka wa kwanza na watu wa kozi nyingine hudhani klabu ni ya wanaojua tayari, na picha ya mdukuzi aliyefunika uso ikiwekwa bangoni inawathibitishia. Bweni la wasichana apewe msichana kubandika. Mkimpa mvulana, karatasi zitaishia kwa mlinzi getini.

Mwanzisha uzi: Asanteni. Msimbo wa QR je? Na tukiahidi soda?

Fundi Bango: Upana wa msimbo uwe sehemu ya kumi ya umbali wa msomaji: anayesimama mita moja anahitaji sentimita 10. Acha ukingo mweupe pande zote. Epuka tovuti za kutengeneza msimbo zenye majaribio ya bure, muda ukiisha msimbo unazimika. Kama msimbo unafungua grupu la WhatsApp, admini naye asiweke upya kiungo cha grupu, maana mabango yote yatakuwa yamekufa ukutani.

CR Mstaafu: Soda mkiiandika watakuja 200, na ukumbi ni wa 60. Hela hiyo nunueni ekstenshen mbili za mita tano. Laptopu nyingi za hapo chuoni betri zake hazifiki saa 11 jioni.