Chapa ya baroko: naihamishaje kwenye ubao wa mahogani?

Patasi_Nairobi: Mafundi, nimepakua chapa (picha iliyochapwa kwa bamba la shaba) ya Jean Le Pautre, mchoraji Mfaransa wa karne ya 17 wa mtindo wa baroko, ule wenye mapambo mengi, kutoka tovuti ya Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam. Ni mkanda wa majani ya akantho (mmea wenye majani yaliyochanika kingo) yanayojiviringa, upana sentimita 20. Nataka kuuchonga kwenye ubao wa kichwani mwa kitanda, sentimita 120 kwa 30, unene milimita 40. Ile mistari myembamba ya kivuli nayo huchongwa? Na mbona nusu ya kushoto hailingani na ya kulia?

MbaoGikomba: Hailingani kwa makusudi. Chapa nyingi za aina hiyo zilibeba mapendekezo mawili kwenye bamba moja, fundi achague. Chukua nusu unayoipenda, ikuze hadi sentimita 60, inakili kwenye karatasi inayopitisha mwanga, kisha igeuze upate upande wa pili.

Mistari ya kivuli usiichonge hata mmoja. Kazi yake ni kukuonyesha kina: inaposongamana ni bondeni, palipoachwa peupe ndipo juu kabisa. Kabla ya kushika patasi, paka nakala yako rangi tatu: nyekundu pasipoguswa, buluu pa kushuka milimita 6, nyeusi pa kushuka 14.

Nakshi254: Kukuza peke yake hakutoshi. Hapo unakuza mara sita, kwa hiyo kikonyo cha nusu milimita kitakuwa milimita 3, na kikikatiza nyuzi za mbao kitavunjika. Kinenepeshe hadi 6 au ukiegemeze kwenye jani la jirani. Le Pautre alichora kwenye shaba, isiyo na nyuzi.

Patasi_Nairobi: Asanteni. Nianze na majani au usuli, yaani eneo la nyuma ya majani?

Nakshi254: Usuli. Kata milimita 2 nje ya mstari, ushuke milimita 3 kwa awamu: piga, ondoa, piga tena. Ukididimiza patasi kina chote kwa pigo moja, inatanua mbao kama kabari na ncha ya jani inang'oka kufuata nyuzi. Halafu viringisha jani kwa bobari (patasi yenye makali yaliyopinda), mishipa ifuate, yote ikielekea shinani. Mshipa unaoishia hewani unaliua jani. Kuchimba chini ya kingo ni mwisho kabisa, maana ukishachimba hakuna kinachoishika ncha.

MbaoGikomba: Na msasa utumie kwenye fremu ya ubao tu, si kwenye nakshi. Ukisugua majani, kingo zinazodaka mwanga zinafutika na nakshi inakuwa butu. Noa bobari vizuri, uache alama zake zionekane.