Tupeane uzoefu: pombe tamu ya maua ya elda na kokteli zake za kiangazi

Mzizima Kaskazini
Wakuu, habari za juma. Jana nimepita kando ya mfereji hapa Leeds, elda, ule mti wa maua meupe, imechanua kila upande, nikakumbuka chupa ya St-Germain, pombe tamu ya maua hayo, niliyopewa na jirani mwaka ule nimefika. Nilizoea pombe inanuka pombe. Ile ilinukia maua, na kwa mbali pea lililoiva. Tangu hapo kila kiangazi nachanganya kokteli ya Hugo nyumbani: mililita 40 za St-Germain, 60 za Prosecco (mvinyo wa Kiitaliano wenye povu), 60 za maji ya soda, barafu ijae glasi, kipande cha ndimu. Nanaa uipige kofi moja kiganjani, usiisage, itatoa uchungu. Sasa bei ya chupa inaumiza. Nani ametengeneza yake mwenyewe? Tupeane uzoefu.

Binti wa Bolzano
Kaka, Hugo imezaliwa huku Tirol Kusini, Italia, mwaka 2005, Naturns, kwa mikono ya Roland Gruber. Na haikuwa na St-Germain, maana St-Germain yenyewe imeingia sokoni 2007! Mwanzo alitumia sharubati ya melisa (majani yanayonukia limau), sharubati ya elda ikafuata. Hotelini kwetu tunatia sharubati mpaka leo. Ukitia pombe ya asilimia 20 juu ya Prosecco, hicho ni kinywaji kingine, kipe jina lake.

Mzizima Kaskazini
Dada, nimekusikia kuhusu asili yake. Ila sharubati ni sukari tupu, glasi ya pili mdomo unanata. Kwangu itabaki ya St-Germain.

Binti wa Bolzano
Basi punguza sharubati. Mililita 20 zinatosha kabisa.

Mama Wawili
Sisi tusiokunywa tupo pia jamani. Mie natengeneza sharubati kila Juni hapa Birmingham: vishada 25 vya maua, maji lita moja na nusu, sukari kilo moja na nusu, malimau manne, na ndimu ya unga gramu 50 hivi. Inalala usiku mmoja, asubuhi unachuja kwa kitambaa. Na soda baridi na tango, wageni wa Idi wanamaliza jagi.

Lakini hiyo ndimu ya unga imenitia aibu. Mwaka wa kwanza niliingia duka la dawa nikaomba pakiti nne. Muuzaji akaniangalia, akaita mwenzake, wakaniuliza naitaka ya nini. Nimesimama na mtandio wangu na mtoto mkononi, foleni nzima inasikiliza. Baadaye jirani ndiye aliyenieleza kwamba watumiaji wa heroini huitumia kuyeyushia, ndiyo maana wanaibana. Nililia njia nzima. Siku hizi nanunua duka la Wahindi, ipo kwenye rafu ya viungo, huulizwi kitu.

Msafiri74
Hata mimi niliulizwa hivyo hivyo, Coventry.

Kijana wa Makadara
Pole mama. Hilo duka lilikukosea, wangekuuliza kando.

Fundi wa Mtungi
Kurudi kwenye swali. Mimi natengeneza mwaka wa sita sasa. Chukua vodka ya kawaida, chupa moja, mtungi wa kioo wenye mdomo mpana, vishada 20 na maganda ya limau moja bila ile nyeupe. Chuma asubuhi ya jua, umande ukishakauka. Ua lililozeeka linanuka mkojo wa paka na halitengenezeki tena. Maua yazame kabisa, yakielea juu yanageuka kahawia na rangi inaharibika. Weka kisahani cha kuyakandamiza. Wiki tatu gizani, chuja, kisha tia shira ya sukari iliyopoa, kidogo kidogo huku unaonja. Na msioshe maua! Utamu wote uko kwenye chavua.

Bibi Harusi wa Zamani
Usioshe? Na wadudu? Mimi nimekulia Kariakoo, siwezi kula kitu hakijaoshwa.

Fundi wa Mtungi
Yatandaze kwenye kitambaa cheupe nje kwa saa moja, wadudu wataondoka wenyewe. Ukiosha utapata vodka yenye sukari.

Bibi Harusi wa Zamani
Naosha na wageni wangu wanasifia.

Nesi Mstaafu
Wanangu, kuoshwa si jambo kubwa. Kubwa ni vijiti. Kata maua kwa mkasi karibu kabisa na ua. Majani, vijiti na matunda mabichi ya elda yana sumu inayogeuka sianidi tumboni. Na mhakikishe mti wenyewe. Elda ni mti au kichaka kikubwa chenye shina la gome. Ukiona maua meupe yanayofanana kwenye mmea laini unaotoka ardhini, acha. Kuna mimea ya porini ya jamii ya karoti inayoua mtu.

Kijana wa Makadara
Mimi niko Nairobi, elda sina, napata sharubati ya chupa supamaketi. Tangawizi mbichi, toniki, ndimu. Kuna aliyejaribu na Konyagi?

Mzizima Kaskazini
Konyagi inaikaba elda. Tia kidogo sana.

Fundi wa Mtungi
Inakubali vizuri tu, mimi nimejaribu. Ongeza tango.

Baba Neema
Nimesoma mpaka hapa, mikono inanitetemeka, acha niseme.

Miaka mitatu iliyopita nilitengeneza ile wanayoiita shampeni ya elda. Maua, maji, sukari, limau, siki kidogo, hamira hakuna, maana maua yanakuja na hamira yake ya asili. Nikajaza chupa 11 za mvinyo, za kioo, vifuniko vya kuzungusha, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Nikaziweka kabati la chini ya ngazi kwa sababu kuna giza.

Siku ya nane, saa tisa usiku, mlio. Kisha wa pili. Kisha mfululizo. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga, amelala sebuleni, akapiga kelele kwamba tumevamiwa. Mke wangu akapiga simu polisi. Mimi nikashuka na chuma cha pazia. Mlango wa kabati umetoboka, umajimaji unatiririka hadi zuliani, nyumba nzima inanukia maua. Vigae vya kioo vimezama kwenye mbao za ngazi kwa ndani, kimoja nilikitoa kwa koleo.

Hilo halikunitisha kama lililofuata. Kulipopambazuka nikaona viatu vya Neema vya shule. Vilikaa humo humo kabatini. Alikuwa na miaka sita, kila siku saa moja na nusu anafungua kabati, anachuchumaa, anavaa. Kiatu kimoja kilichanika kutoka kidoleni hadi kisiginoni. Nilikaa chini na kile kiatu mpaka mama mkwe akaja akakichukua mkononi mwangu.

Mama Wawili
Allah akukinge ndugu yangu. Neema hajambo sasa?

Baba Neema
Hajambo kabisa dada, ana miaka tisa. Viatu vyake vinakaa chumbani kwake.

Msafiri74
Mungu mkubwa.

Bibi Harusi wa Zamani
Pole sana, lakini mada ni pombe ya vodka, hiyo haichachi. Msiwatishe watu.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, mwache aseme. Atakayesoma hapa kesho ataanza na ile ya rahisi isiyotaka vodka.

Fundi wa Mtungi
Chupa za plastiki za soda ndizo salama. Zibonyeze kila siku, ikiwa ngumu kama jiwe legeza kifuniko.

Kijana wa Makadara
Si zipo za kioo kinene, zile za bia zenye waya?

Baba Neema
Hapana. Kioo hapana.

Msafiri74
Nimeshuka gereji sasa hivi. Nina chupa sita za kioo, za Jumapili iliyopita. Ya kwanza imetoa povu hadi kwenye baiskeli ya mtoto. Nimefunika zilizobaki na blanketi, nazifungua moja moja.