Naomba ushauri: nakala tano za kitabu sokoni, oda tatu zimeghairiwa, na muuzaji wa nne naye anasema "kipo"

FundiSaa:
Wakuu, heshima kwenu. Naombeni mawazo kabla sijalipa kwa mara ya nne.

Mimi ni fundi wa saa za ukutani, zile za kutia ufunguo. Kuna kitabu cha ufundi nakitafuta, kiliacha kuchapwa zamani. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa nacho, kikapotea wakati wa kuhama. Mle ndani mna jedwali la upana na unene wa springi kwa kila aina ya mashine, na sijaliona kwingine.

Miezi mitatu iliyopita nikakikuta kwenye soko moja la mtandaoni. Wauzaji watano, kila mmoja na nakala moja. Wa bei ya chini kaandika: "Jarada limechanika kidogo pembeni, uk. 88 una maandishi ya penseli." Ndiyo, "jarada". Wengine wanne wote: "Hali nzuri sana." Nikajiuliza, kilichochanika cha nini? Nikaongeza pesa, nikachukua kizuri.

Siku ya tisa: "Samahani mteja, kitabu kimegundulika kina hitilafu ghalani, tumeghairi oda." Nikaenda kwa wa pili. Huyu akaniandikia kwa upole kabisa, eti ili pesa irudi haraka nibonyeze mwenyewe palipoandikwa "nimebadili mawazo". Nikabonyeza. Wa tatu kanyamaza siku 26, halafu pesa ikarudi bila neno.

Siwezi kusema nimeibiwa, pesa zote zimerudi. Lakini kila mara pesa yangu imekaa mikononi mwa mtu, na saa za wateja zimelala mezani zinanitazama. Jana katokea wa nne, mpya, bei mara mbili ya yule wa jalada lililochanika. Niagize, au ndiyo najipeleka tena?

Mpita_Njia:
Pesa imerudi, unalia nini mkuu? Wenzako hata hawarudishiwi.

MamaStoo:
Nafanya kazi stoo ya duka la mtandaoni, kwa hiyo nianze kwa kuwatetea wenzangu kidogo. Si kila oda inayoghairiwa ni utapeli. Bidhaa moja inaweza kuwa imetangazwa kwenye masoko matatu kwa wakati mmoja. Ikinunuliwa kwenye moja, programu inatakiwa ipunguze hesabu kwenye mengine. Ikichelewa kidogo tu, watu wawili wamelipia kitu kimoja. Na kuna siku kompyuta inasema imebaki moja, unafika kwenye rafu pako wazi, kwa sababu mtu aliirudisha mahali pasipo pake. Kuna taa ya mezani niliitafuta mchana kutwa, nikaja kuikuta ndani ya boksi la mito.

Lakini ndugu yangu, sisi tukikuta rafu tupu mteja anaambiwa siku hiyo hiyo, au kesho yake. Siku ya tisa si habari ya rafu. Siku tisa hizo mtu alikuwa anakitafuta.

WingaMstaafu:
MamaStoo kagusa penyewe. Mimi nilifanya kazi hiyo karibu miaka miwili, wala sioni aibu kusema, nimeshaacha.

Iko hivi. Hununui mzigo. Una programu inayozunguka sokoni, inaokota matangazo ya wauzaji wadogo wenye bidhaa kweli, inayarudia kwa jina lako na kuongeza bei. Mteja akilipa kwako, unakimbia kwa mwenye mali, unanunua kwa bei yake, unampa anwani ya mteja. Tofauti ndiyo yako. Mteja hajui. Na maelezo tunaandika ya jumla jumla, "hali nzuri sana", kwa sababu bidhaa hatujawahi kuiona. Utaandikaje kuhusu ukurasa wa 88 wakati hata jalada hujaligusa?

Sasa rudi kwenye wauzaji wako watano. FundiSaa, naogopa kukwambia, lakini kitabu kilikuwa kimoja tu. Ni kile kilichochanika. Hao wanne walikuwa kivuli chake. Ulipoagiza "kizuri", muuzaji alikwenda kununua kilichochanika akakuta hakipo. Tatu zote zimekufa kwa sababu hiyo hiyo.

FundiSaa:
Mkuu, umenikata maini. Nilikuwa nakiangalia hivi hivi, na bei ya chini! Sasa tangazo lake limeshatoweka.

Mchambuzi_Kurasa:
Kama mtu anadhani Winga anatia chumvi, mwaka 2011 mwanabiolojia Michael Eisen alikuta kwenye Amazon kitabu cha kitaaluma kuhusu nzi, The Making of a Fly cha Peter Lawrence, nakala mpya ikiuzwa zaidi ya dola milioni 23. Soma tena, milioni 23. Wauzaji walikuwa wawili. Programu ya mmoja ilipanga bei iwe mara 0.9983 ya mwenzake, ili awe chini yake kidogo tu. Ya mwenzake ilipanga iwe mara 1.270589 ya huyo wa kwanza. Kila zikizunguka bei inapanda, na hakuna binadamu aliyekuwa anaangalia.

Eisen alijiuliza kwa nini mtu apange kuwa ghali kuliko mshindani wake kwa makusudi. Jibu alilolikisia ni kwamba huyo hakuwa na kitabu. Ile ziada ilikuwa ya kwenda kukinunua kwa mwenzake, kisha abakiwe na faida.

Kwa hiyo muuzaji ghali kuliko wote, mwenye maelezo mafupi kuliko wote, ndiye wa kumtilia shaka kwanza. Mimi hufungua orodha ya vitu vyake vingine. Ukikuta viatu vya watoto, vichujio vya gari na vitabu vya teolojia, vyote "hali nzuri sana", ujue huna muuzaji hapo, una programu.

KifunguKidogo:
Niongezee kuhusu yule wa pili aliyekubembeleza ubonyeze "nimebadili mawazo". Huo upole una hesabu yake. Masoko makubwa huwapima wauzaji kwa oda wanazozighairi wenyewe. Amazon inawataka wabaki chini ya asilimia 2.5. Kwenye eBay, muuzaji akighairi kwa sababu bidhaa hana, anaandikiwa kasoro kwenye akaunti. Mnunuzi akiomba mwenyewe kughairi, haandikiwi. Kwa hiyo ulimsafishia jina kwa kidole chako, na mteja anayefuata akamwona mtu safi. Siku nyingine mjibu: "Kama huna, ghairi wewe, na sababu uandike ya kweli."

Na hilo la kununua kwa muuzaji mwingine wa rejareja ili amtumie mteja wako, eBay wanalikataza. Kupeleka mzigo moja kwa moja kutoka kwa muuzaji wa jumla ndiko wanakokuruhusu.

Kisheria inategemea uko chini ya sheria za wapi. Marekani kuna kanuni ya tangu 1975, siku hizi inahusu na intaneti: muuzaji lazima awe na msingi wa maana wa kuamini kwamba atasafirisha ndani ya muda aliotangaza, na kama hakutangaza muda, ndani ya siku 30. Akichelewa, akuombe ridhaa au akurudishie pesa. Umoja wa Ulaya nao, kwa agizo la 2011, wameweka siku 30 kama hamkukubaliana vingine. Yule wako wa siku 26 sidhani alichagua siku kwa bahati.

Angalia pia dirisha la malalamiko, yaani muda wa kudai pesa yako, lisifungwe. PayPal, wale wa malipo ya mtandaoni, kwa mfano wanatoa siku 180 tangu siku ya malipo. Wapo wanaokuvutavuta kwa "subiri wiki moja tu" mpaka muda upite.

Mpita_Njia:
Haya, nafuta kauli yangu ya mwanzo.

WingaMstaafu:
Ushauri wangu kwa huyo wa nne ni mmoja. Usimuulize "kipo?" Hilo swali tunalijibu tukiwa usingizini: kipo. Muulize kitu ambacho hawezi kukijibu bila kukishika. Mwambie apige picha ya ukurasa wenye jedwali lako, na pembeni aweke karatasi yenye tarehe ya leo. Akikwambia hawaruhusiwi kupiga picha ghalani, agana naye kwa heshima.

MamaStoo:
Na yule wa kwanza mwenye "jarada" ulishamtafuta? Tangazo kutoweka si lazima kitu kiwe kimeuzwa. Muuzaji mdogo akisafiri huzima duka zima, matangazo yake yote yanapotea mpaka atakaporudi.

FundiSaa:
Sikuwahi kuliwaza hilo. Jina la duka lake ninalo, nilipiga skrinishoti. Namwandikia sasa hivi, na wa nne pia, swali ni lile lile kwa wote wawili. Ukurasa wa jedwali na tarehe.

FundiSaa (siku sita baadaye):
Mrejesho, wakuu.

Wa nne alijibu baada ya saa mbili: "Mpendwa mteja, bidhaa ipo katika hali nzuri sana." Nikarudia ombi la picha. Akanitumia picha ya jalada, safi, linang'aa, ile ile iliyo kwenye tangazo la mchapishaji. Nilipouliza mara ya tatu akanipa punguzo. Picha hakunipa.

Yule wa kwanza alikaa kimya siku nne, nikakata tamaa. Jana usiku akajibu kwamba alikuwa anamuuguza mama yake, duka alilifunga, na kitabu hakijatoka kwenye kabati. Akaniambatanishia picha tatu. Moja imetikisika. Nyingine ni pembe ya jalada iliyochanika, ameigandisha kwa gundi ya karatasi. Ya tatu ni jedwali, kidole gumba chake kimefunika safu ya mwisho, na karatasi yenye tarehe imeegemezwa kwenye kikombe. Kumbe ule ukurasa wa 88 ndio wenye jedwali. Penseli ile mtu amesahihisha unene wa springi moja. Nimepima springi niliyonayo hapa mezani: mwenye penseli yuko sahihi, kitabu kimekosea.

Nimelipa.

Mchambuzi_Kurasa:
Hongera mkuu. Kikifika tuambie.

FundiSaa (siku kumi na moja baadaye):
Kimefika asubuhi hii, kipo hapa karibu na bisibisi. Nimechungulia sokoni kwa udadisi tu. Zinaonekana nakala nne. Zote hali nzuri sana.