Tunaopiga chelo kwenye okestra huku tuna kazi nyingine: tupeane uzoefu

Mhasibu Kiti cha Nyuma (Nairobi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhasibu, na napiga chelo, ile fidla kubwa ya kusimamisha sakafuni, kwenye okestra ya watu wa kujitolea hapa Nairobi. Mji una wapigaji wazuri tu, ila okestra ya kukulipa mshahara kila mwezi mimi sijaiona. Kwenye mstari wetu wa chelo yuko daktari wa meno, walimu wawili, mwanafunzi wa chuo, mzee mstaafu, halafu mimi.

Shida yangu ni kwamba wiki ya mwisho ya mazoezi kabla ya onyesho haikosi kugongana na wiki ya kufunga hesabu za mwezi. Mwezi wa tatu niliingia ukumbini saa mbili kasoro usiku, wenzangu wameshafika sehemu ya pili ya simfoni, mimi bado natafuta ufa wa mbao nichomeke mguu wa chelo. Kondakta hakusema neno. Aliniangalia tu, na ningependelea anitukane.

Ofisini nako hawajui kama napiga. Siku za mazoezi naiacha chelo kwa askari wa getini, nasema ni ya dada yangu ataipitia jioni. Nyie mnafanyaje? Tafadhali, ile ya "panga muda wako vizuri" nimeshaisikia.

Nyuzi Nne (Unguja)

Mimi ni mtu wa taarab, sijui kama mtanikubali humu, lakini chelo ni ile ile: C, G, D, A. Nimeivuta miaka thelathini na kitu, na miaka ishirini na tisa kati ya hiyo nilikuwa karani bandarini.

Kwetu jambo hili si geni hata kidogo. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab, ipo tangu 1905, na wapigaji niliowakuta mimi mjini walikuwa watu wenye shughuli zao: fundi cherahani, mwalimu wa skuli, muuza duka. Ndiyo maana mazoezi ni baada ya Isha. Mchana kila mtu yuko kwenye riziki yake. Ramadhani hatupigi, hiyo ndiyo likizo. Mfunguo mosi ukiingia tu, harusi zinafululiza, na hapo ndipo utajua kama mkuu wako wa kazi ni mtu au si mtu. Mimi nilikuwa nasinzia juu ya vitabu vya mizigo.

Pesa? Tunzo anapewa mwimbaji. Hakuna bibi anayenyanyuka na noti yake kumfuata mvuta chelo kule nyuma. Kikundi chetu tunzo zote ziliingia mfuko mmoja, zikanunua nyuzi.

Usiku mmoja, harusi ya watu wazito, katikati ya bashraf, ule muziki wa ufunguzi usio na mwimbaji, chelo yangu ikaachia gundi ubavuni kwa unyevu wa masika. Ikaanza kuvuma kama nyigu ndani ya debe. Nikaibana kwa goti, pale pale pabovu, nikapiga hivyo mpaka saa nane usiku. Asubuhi saa moja na nusu niko bandarini, nachechemea. Mkuu wangu akadhani nimeanguka na baskeli.

Mhasibu Kiti cha Nyuma

Shikamoo mzee. Hiyo ya goti nitaikumbuka.

Nyuzi Nne

Marhaba. Usiikumbuke tu, tafuta fundi kabla ya masika.

Chelo na Mama Mboga (Nairobi)

Mimi nimekulia Korogocho, nikajifunzia Ghetto Classics, ile programu ya kufundisha watoto muziki iliyoanza 2008 pale kanisani karibu na dampo la Dandora. Kwa hiyo sikuanza na kazi halafu chelo. Mimi chelo ndiyo ilitangulia, kazi ndiyo naitafuta mpaka leo.

Wiki yangu iko hivi: Jumatatu hadi Alhamisi nafundisha watoto majumbani, mitaa ya wenye nafasi. Ijumaa mazoezi. Jumamosi harusi, tuko wanne, na bibi harusi wote wanataka wimbo ule ule mmoja ambao chelo inapiga noti nane zile zile kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtu anisamehe, lakini hizo noti nane ndizo zinalipa kodi ya nyumba. Jumapili kanisa. Nikipata upenyo namsaidia mama kibandani.

Kinachonimaliza ni barabara. Makanga akiona kasha la chelo anapandisha bei kabla hujafungua mdomo. "Huyo naye atalipa." Kwa hiyo nalipa viti viwili, mara nyingine navyo nasimama ili chelo ikae. Wanafunzi watatu kwa siku, mitaa mitatu, nauli mara mbili kila safari. Piga hesabu, wewe mhasibu. Nilipopiga mimi, nikagundua mwanafunzi wa mbali alikuwa ananitia hasara mwaka mzima. Sasa sifundishi mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna chelo ya kukopa kwa saa moja. Natembea na upinde na rozini, ule utomvu mkavu wa kuupaka, basi.

Pumzi ya Meru (Arusha)

Nilisomea muziki chuo cha Makumira, sasa natembeza watalii. Julai mpaka Septemba niko porini, siigusi chelo kabisa. Nilijaribu kwenda nayo mara moja. Vumbi, jua, gari linaruka: tulipofika kambini vigingi vyote vinne vya kukazia nyuzi vimelegea, nyuzi zimelala kama kamba za kuanikia. Tangu hapo nabeba kipande cha shingo ya chelo iliyokufa, kimefungwa nyuzi mbili, nafanyia mazoezi ya vidole usiku hemani. Wageni wanadhani nachonga kinyago.

Oktoba nikirudi, wiki mbili za kwanza ni aibu. Nimeshawaambia wenzangu: msinipe sehemu ya peke yangu kabla ya Novemba. Bora kusema.

Muuguzi wa Zamu (Marekani)

Mwenzenu ni nesi, zamu za usiku, masaa kumi na mawili, mara tatu kwa wiki. Watu wananihurumia bure. Zamu zikipangwa zikae pamoja, nabaki na siku nne, na hata nikilala moja yote, tatu ni zangu. Kabla sijaja huku nilikuwa na kazi ya ofisini ya saa mbili hadi saa kumi na moja, na muda wa kupiga sikuwa nao kabisa.

Adui yangu ni sanitaiza. Napaka mikono labda mara themanini kwa zamu. Sugu za ncha za vidole zinakauka, zinapasuka, halafu waya wa A unaingia ndani ya ule mpasuko. Anayejua anajua. Nimejaribu mafuta ya kila aina. Kilichonisaidia ni kupaka mafuta ya mgando asubuhi nikitoka kazini, nalala na glavu za pamba, na sipigi mpaka mchana. Mume wangu anasema analala na bawabu wa hoteli.

Desemba huku ni Nutcracker, ile baleti ya Tchaikovsky, kila mji, na ndiyo mwezi wenye hela kwa wapiga okestra wa kuitwa. Pia ndiyo mwezi ambao hospitali haitoi ruhusa. Tuna mwenzetu Msomali wodini, tulikaa tukapatana: yeye ananishikia Desemba, mimi namshikia Idi zote mbili. Mwaka wa sita huu, msimamizi wetu hajawahi kuulizwa chochote.

Pazia (Ujerumani)

Niwaongezee ya upande wa pili, kwa wanaodhani ajira ndiyo mwisho wa matatizo. Huku kuna okestra zaidi ya 100 zenye wapigaji wa mshahara kamili. Nafasi moja ya chelo ikitoka, wanakuja watu wa kila nchi. Unapiga nyuma ya pazia wasikuone sura, ukishinda unawekwa kwenye majaribio, kisha wenzako wanapiga kura ubaki au uende. Mimi nimefika raundi ya mwisho mara mbili. Mara mbili nimerudi na treni ya usiku.

Kwa hiyo mimi ni wa kuitwa. Simu inalia asubuhi: mtu anaumwa, opera ya jioni, unaijua? Unasema unaijua. Halafu unaisoma kwenye treni. Siku mbili za wiki nafundisha shule ya muziki, na majira ya baridi nagawa vifurushi. Vifurushi vizito sibebi kwa mkono wa kushoto, hata bosi akinuna.

Wenye ajira nao wanafundisha mchana, kwa sababu mazoezi ni asubuhi na onyesho ni usiku. Lakini wanamjulisha mwajiri kwa maandishi. Mhasibu, nakuangalia wewe.

Kasai (Lubumbashi)

Miye nilikaa Kinshasa, nikasikia ile okestra ya Wakimbanguisti, waumini wa kanisa la Kimbangu. Iliundwa 1994 na Armand Diangienda, mwenyewe alikuwa rubani. Wapigaji ni watu wa soko, mafundi, wote wanatoka kazini magharibi wanakuja. Wakongwe wanasimulia waya ukikatika walifunga kebo ya breki ya kinga, yaani baiskeli. Nyie munalia sanitaiza.

Muuguzi wa Zamu

Kaka, kebo ya breki kwenye kidole kilichopasuka. Nimenyamaza.

Mhasibu Kiti cha Nyuma

Narudi na mrejesho. Nimemwambia bosi Jumatatu. Nilijiandaa na maneno mengi, akanikatisha. Anajua tangu mwaka jana. Askari alimwambia: "Yule dada yake hajawahi kuja kuchukua."

Tumeelewana wiki ya kufunga hesabu niingie saa kumi na mbili asubuhi, nitoke saa kumi jioni siku ya mazoezi. Sharti lake ni moja tu: nipige kwenye sherehe ya ofisi ya mwisho wa mwaka. Hakutaja malipo.

Chelo na Mama Mboga

Usikubali bure! Angalau nauli ya viti viwili.

Nyuzi Nne

Mwambie akununulie nyuzi. Seti nzima, si A peke yake.