Nani hufadhili utafiti wa mifupa ya wanaanga kwa shahada ya kwanza?

Wakuu, nasoma biolojia, mwaka wa pili. Mwanaanga asipofanya mazoezi ya kutosha, mifupa ya nyonga hupoteza madini yapata asilimia 1 kila mwezi. Natamani mno kuchunguza jambo hili. Fedha nitapata wapi?

Jibu: Kama ni raia wa Marekani, jaribu Space Grant ya NASA, ipo tangu 1989, na kila jimbo lina muungano wake wa vyuo. Ila tafuta msimamizi kwanza! Ombi lisilo na maabara nyuma yake halifiki mbali.

Jibu: Kama si raia, data za majaribio ya NASA zipo mtandaoni, bure. Nilichambua misuli ya panya waliorushwa angani kwa posho ndogo ya chuo tu.

Muulizaji: Shukrani, mkuu. Hao panya, mifupa yao ilipimwa pia?